«Inakufa» Si Maelezo: Jinsi ya Kusoma Kompyuta Isiyotaka Kuwaka

Jumapili moja usiku, mwezi wa sita, simu yangu ililia. Alikuwa mdogo wetu mmoja wa kitivo, anayemaliza masomo yake mwaka huu. Hata salamu hakunipa.

«Yaya, ordinatere inakufa. Fundi anasema ni lazima kuiformate.»

«Inakufa namna gani, mdogo wangu?»

«Inakufa tu. Inakatala.»

Ndani ya kompyuta hiyo ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi Ulaya, kulikuwa na TFC yake juu ya masimulizi ya Kisanga. TFC yenyewe ingeweza kuandikwa tena, kwa machozi. Lakini kulikuwa pia na sauti alizozinasa kijijini, za bibi mmoja ambaye alizikwa miezi miwili baada ya kurekodiwa. Hizo hakuna anayeweza kuziandika tena. Na «kuiformate», msomaji mpendwa, maana yake ni kuifuta diski na kuanza upya.

Naandika makala haya kwa ajili ya wanafunzi wa lugha, si kwa ajili ya mafundi. Katika kitivo chetu tunafundishwa kwamba huwezi kueleza jambo la lugha kabla ya kulielezea lilivyo: sauti gani, katika nafasi gani, baada ya nini. Lakini kompyuta inapotusumbua tunasahau yote hayo na kutumia neno moja: inakufa. Neno hilo linafunika magonjwa yasiyo na undugu wowote. Kuna la franka mia chache, la waya uliolegea, na kuna la kukata tamaa. Kinachoyatenganisha ni swali moja tu: mashine ilifika wapi kabla ya kusimama?

Kwa maana kompyuta haiwaki kwa tendo moja kama taa. Kiswahili kinatudanganya kidogo hapa. Tunasema «kuwasha», neno la moto na la taa, kana kwamba kuna giza halafu kuna mwanga. Wafaransa walichukua neno la mabaharia: démarrer, hapo zamani, ilikuwa kufungua kamba zinazofunga chombo bandarini. Waingereza ndio waliokaribia ukweli wa jambo. Neno lao boot linatokana na kile kitanzi kilichoshonwa juu ya buti ili mtu aivute mguuni, na picha ni ya mtu anayejinyanyua mwenyewe kwa kuvuta vitanzi vya buti zake. Ni kitendawili kweli. Kompyuta inahitaji programu ili ifanye kazi, na inahitaji programu nyingine ili kuisoma ile ya kwanza kutoka kwenye diski. Nani basi anaisoma ile ya mwanzo kabisa?

Jibu ni kwamba kuna programu ndogo iliyofungiwa ndani ya kipande kimoja cha ubao mkuu, ambayo haitoki hata umeme ukikatika. Mashine za zamani huiita BIOS. Za siku hizi zina UEFI, mdogo wake. Umeme ukifika, programu hiyo inaamka peke yake, inakagua viungo vya mwili (kumbukumbu, karte ya picha, klavie), kisha inatafuta diski. Kwa mtindo wa zamani husoma kipande cha kwanza kabisa cha diski, baiti 512 tu, chache kuliko herufi za aya hii. Humo mnakaa maelekezo ya kumtafuta mkubwa zaidi, na huyo mkubwa anamwita Windows. Kila mmoja anamwamsha anayemfuata. Mmoja akishindwa, wote walio nyuma yake wanabaki usingizini, hata wakiwa wazima kabisa.

Sasa turudi kwenye simu. Swali langu la kwanza lilikuwa: ukibonyeza kitufe, unasikia feni?

Kama hausikii kitu, taa haiwaki, hakuna hata mlio, basi Windows haihusiki kabisa na hakuna sababu ya kuiformate. Ni jambo la umeme. Anza ukutani, usianze ndani ya kompyuta. Chomoa kwenye ralonji na uchomeke moja kwa moja ukutani. Ralonji zetu hubeba friji, pasi na simu za jirani. Ukiwa na stabilizateri, iruke kwa muda na uone. Geuza kisanduku nyuma utazame swichi ndogo penye waya wa umeme: mara nyingi mtoto au ufagio umeizima. Kwenye mashine nyingi za zamani kuna swichi nyingine nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Kwetu ni lazima iwe 230. Aliyeisogeza kwenye 115 atasikia mlipuko mmoja mdogo, kisha harufu.

Ikiwa yote ni sawa na kimya kinaendelea, anayeshukiwa ni kile kisanduku cha chuma kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3. Mafundi wetu wanakiita alimantasio. Hufa mara nyingi kuliko kiungo kingine chochote katika nyumba zetu, na hakifi umeme unapoondoka, hufa unaporudi, maana hurudi kwa kishindo. Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa waya na usubiri dakika chache baada ya taa kurudi. Alimantasio hubadilishwa nzima. Usiifungue kamwe: ndani mna vipande vinavyobaki na umeme hata baada ya kuchomolewa, na vinaweza kukuua.

Kwa laptopu kuna jaribio moja ambalo limeniaibisha mbele ya fundi kwa urahisi wake. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha rudisha chaja peke yake bila betri. Umeme uliokwama ndani unaisha, na mara nyingine mashine inaamka kana kwamba haikuwa na neno.

«Feni inazunguka, yaya. Naisikia.»

Vizuri. Sasa kioo kinaonyesha nini?

Feni ikizunguka na kioo kikabaki cheusi, tumepiga hatua moja. Umeme upo, lakini ukaguzi wa viungo haujamalizika, au umemalizika na wewe huoni. Kwanza hakikisha kwamba kioo chenyewe kina umeme na waya wake umekazwa. Kama nyuma ya kompyuta kuna matundu mawili ya kioo, moja juu karibu na klavie na lingine chini kwenye karte ya picha, tumia la chini. Kwa laptopu, mulika kioo kwa tochi ya simu kutoka upande: ukiona kivuli cha picha, kompyuta ni nzima na iliyokufa ni taa ya nyuma ya kioo tu.

Kisha sikiliza. BIOS isiyoweza kuonyesha kitu kiooni hulia. Milio hiyo ni lugha kweli, nayo ina lahaja, kwa sababu kila mtengenezaji ana yake. Katika lahaja ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi huelekeza kwenye karte ya picha. Phoenix hupiga milio kwa makundi yenye mapumziko katikati, nayo AMI huhesabu milio mifupi. Usitafsiri lahaja moja kwa kamusi ya nyingine; tafuta kwanza jina la BIOS yako. Mlio usiokoma, au unaorudiarudia, mara nyingi ni wa bareti za RAM, na hapo mwanafunzi yeyote anaweza kujaribu. Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kisanduku ili umeme wa mwilini mwako utoke, toa bareti, futa meno yake ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, zirudishe moja moja mpaka vishikizo vilie «tak». Zikiwa mbili, jaribu kila moja peke yake. Katika kiangazi chetu, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, vumbi jekundu la Lubumbashi huingia kila mahali, na nimeona zaidi ya kompyuta moja iliyotangazwa kufa ikafufuka kwa raba na brashi ya rangi.

«Kioo kinaonyesha, yaya. Kuna maandishi ya Kiingereza kwanza. Mimi nafinya F1, yanaenda. Halafu Windows inakuja, halafu kioo cha buluu, halafu inaanza tena.»

Hapa nilisimama. Dakika tano zilizopita «ilikufa tu». Sasa tulikuwa na mashine yenye umeme, yenye viungo vizima, inayoiona diski yake, inayomwita Windows, na Windows akaitika kabla ya kuanguka. Hiyo si maiti. Ni mtu anayejikwaa kwenye hatua ya nne, palepale kila mara.

«Yale maandishi ya Kiingereza yanasema nini?»

«Sijui. Ni ya siku nyingi. Nafinya F1 tu.»

Mwanafunzi wa kitivo cha lugha! Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba nami kwa miaka nilifanya vilevile. Mbele ya maandishi meupe juu ya kioo cheusi tunakuwa kama watu wasiojua kusoma. Jicho linaruka mpaka lipate kitufe cha kubonyeza. Nilimwomba ayapige picha na kunitumia. Kioo kilikuwa kimeandika CMOS checksum error, na chini yake, defaults loaded. Kwa Kiswahili chetu: nimehesabu kumbukumbu zangu na hesabu haikubali, kwa hiyo nimerudia desturi za kiwandani. Juu yake kulikuwa na tarehe: siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza, 2009.

Kabla ya kusema ugonjwa ulikuwa nini, nataja kwa haraka ujumbe mwingine unaotokea hatua hiyo, maana si kila mtu atapata huo. Ukisoma No bootable device au Operating system not found, kwanza chomoa kle zote za USB na uwashe tena. BIOS huenda inajaribu kuanzia kwenye kle yako yenye nyimbo. Ikiendelea, ingia BIOS kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu baada ya kuwasha, na tazama kama jina la diski linaonekana. Likionekana, tatizo ni utaratibu wa nani aanze, au ni maandishi ya mwanzo wa diski yaliyoharibika. Kazi zako huenda zimelala salama. Lisipoonekana, kaza waya zake mbili, ule wa umeme na ule wa data. Na kama diski ya kuzunguka inatoa sauti ya «tik, tik, tik» kwa mpangilio, zima mara moja. Ndani yake kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo mno kuliko unene wa unywele, na kila dakika unayoiacha iwake inaweza kukwangua kurasa ambazo bado zingesomeka. Usimruhusu mtu «ajaribu mara moja tena».

Rudi kwa mdogo wetu. Juu ya ubao mkuu kuna betri ya mviringo kama sarafu, ya volti 3, iliyoandikwa CR2032. Kazi yake ni kulisha saa na, katika mashine za zamani, desturi zilizoandikwa ndani ya BIOS. Kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, hupokea umeme kidogo, na huo ndio unaoilisha saa. Betri hubaki akiba. Ulaya, ambako mashine hiyo ilizaliwa, akiba hiyo haiguswi sana. Kwetu umeme hukatika kila siku, na tena tunachomoa waya kwa kuogopa kishindo, kama nilivyoshauri hapo juu. Betri inafanya kazi ya akiba usiku na mchana. Nayo yake ilikuwa imekwisha.

Kwa miezi mingi hilo lilileta F1 tu na tarehe ya uongo, na tarehe ya uongo ilileta kero nyingine asiyoijua asili yake: kurasa za intaneti zikikataa kufunguka, kwa sababu vyeti vya usalama vina tarehe za kuanza na kuisha, na kwa kompyuta inayoishi mwaka 2009 vyeti hivyo bado havijazaliwa. Je, kwa nini Windows ianguke sasa, wakati F1 ni ya siku nyingi? Nilimuuliza kama kuna mtu aliyegusa BIOS. Alikumbuka kwamba mwezi wa tano binamu yake alimwekea Windows 10 upya, na siku hiyo «alibadilisha kitu» ili iende mbio. Tangu hapo, kwa bahati, kompyuta haikuwa imechomolewa hata usiku mmoja, mpaka umeme wa mtaa ulipokatika siku mbili.

Kitu chenyewe ni namna BIOS inavyozungumza na diski. Kuna namna ya zamani, IDE, na namna mpya, AHCI. Windows hujifunza namna aliyoikuta siku ya kuwekwa. Ukibadilisha nyuma yake, huamka, hunyoosha mkono kwenye diski yake mwenyewe na hawezi kuishika; ndipo kioo cha buluu chenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, yaani kifaa cha kuanzia hakifikiki. Binamu aliweka AHCI. Betri ilipoisha nguvu na umeme kukatika, BIOS ikasahau, ikarudia desturi ya kiwandani, IDE. Diski haikuwa na kosa. Windows hakuwa na kosa. TFC haikuwa na kosa.

Hata hivyo sikumwambia aingie BIOS usiku ule. Nilimwambia azime, alale. Kwa sababu ningeweza kuwa nimekosea, na kuna kazi moja inayotangulia ukarabati wowote: kutoa nje maandishi na sauti.

Jinsi ya kufanya hivyo ndiyo sehemu ninayotaka muishike. Kompyuta ambayo Windows yake inaanguka inaweza kuwashwa kwa mfumo mwingine unaokaa kwenye kle. Ubuntu ni mfano: hupatikana bure, unaandikwa kwenye kle ya GB 8 kwa programu kama Rufus, katika kompyuta ya rafiki. Faili yake ni kubwa na mega zetu ni ghali, kwa hiyo ombeni mwenye nayo badala ya kuipakua kila mtu. Ukiwasha kwa kle hiyo, utaulizwa kama unataka kuujaribu mfumo au kuuweka. Chagua kujaribu. Chagua kujaribu, narudia, kwa sababu kuuweka kunaweza kufuta diski. Mfumo utafanya kazi kutoka kwenye kle bila kugusa Windows; fungua diski, ingia folda ya Users, kisha jina lako, nakili yote kwenye kle ya pili. Kizuizi kimoja: laptopu mpya mara nyingi zina diski iliyofungwa kwa siri ya BitLocker, na bila ufunguo wake wa tarakimu 48 hutaona kitu. Autafute leo, wakati mashine bado inawaka, aliye nayo.

Njia nyingine ni kutoa diski yenyewe na kuichomeka kwa adapta ya USB kwenye kompyuta nzima. Ndivyo tulivyofanya Jumatatu asubuhi, bisibisi moja, robo saa. Sauti zilikuwa zote. Tulimsikia bibi akianza hadithi na watoto wakiitikia.

Kuhusu matengenezo ya Windows kwa jumla nitasema machache tu, kwa sababu mashine nyingi zinajitengeneza zenyewe zikipewa nafasi. Ikiwashwa na kukatika mara mbili au tatu mfululizo, Windows 10 hufungua ukurasa wa ukarabati. Humo mna Mode sans échec. Waingereza huiita hali salama, Wafaransa hali isiyoshindwa. Wa kwanza wana unyenyekevu zaidi. Ikiwaka katika hali hiyo, ondoa programu uliyoiweka mwisho. Ukilazimika kurudisha Windows upya, utaona milango miwili, Conserver mes fichiers na Supprimer tout. Fundi mwenye haraka hupita wa pili, si kwa ubaya, bali kwa kuwa ndio mwepesi na kazi si yake. Muulize, kabla hajaketi, kama anaiona diski na kama ameshanakili.

Tulinunua CR2032 sokoni kwa bei ya soda mbili. Tukaweka tarehe, tukaingia mahali pa diski ndani ya BIOS, tukageuza IDE kuwa AHCI, tukahifadhi. Windows ikawaka kwa mara ya kwanza.

Mwezi uliofuata, kompyuta ya dada yake ilisumbua, nikapata ujumbe huu, ninaonakili kwa ruhusa yake: «Yaya, shikamoo. Ni laptopu. Taa ya chaja inawaka, feni inazunguka sekunde tatu halafu inazima, hakuna mlio, kioo cheusi, hata nikimulika na tochi. Ilianza leo baada ya mtoto kumwaga chai. Nimechomoa chaja na kutoa betri. Diski nimeshaitoa.»